Kizi, Kazi na Mkono wa Fundi: Mzaha wa Kazini kutoka Kiwanda cha Magari hadi Karakana za Unguja



Kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja, Kizimkazi Dimbani, upo msikiti ambao mihirabu yake ina maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Wageni huenda kuutazama kwa sababu ya tarehe hiyo. Wenyeji wana hadithi nyingine ya kuwapa. Inasimuliwa kwamba palikuwa na mfalme jina lake Kizi, naye alikuwa na fundi jina lake Kazi. Kazi aliujenga msikiti, na ulipokwisha ukawa mzuri kiasi cha kumtia mfalme wasiwasi: isije fundi yule akaenda kwingine akajenga wa pili mfano wake. Basi Kizi akaamuru Kazi akatwe mkono. Majina ya wawili hao yakaungana, likapatikana jina la mji.

Mwanaisimu atasema, na haki atakuwa nayo, kwamba hiyo ni etimolojia ya barazani: watu wameliona jina, wakalipasua vipande viwili, kisha wakatafuta kisa cha kuviunga. Sikuja kuitetea. Nimeanza nayo kwa sababu ina mzaha mchungu ambao kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya mikono huuelewa bila kufafanuliwa. Umeifanya kazi vizuri mno, basi huu hapa ujira wako. Na aliyeitunga hakumwita fundi huyo Juma wala Makame, alimwita Kazi.

Katika mhadhara huu nitazungumzia maisha na mzaha wa watu wanaounda magari. Nitaanza mbali, katika viwanda ambako gari hupita mbele ya mfanyakazi juu ya mkanda unaokwenda, kisha nitarudi Unguja, ambako kiwanda cha namna hiyo hakipo, lakini gari huundwa. Dai langu ni kwamba swali linaloamua sura ya mzaha wa kazini ni swali la nani ameshika mwendo wa kazi. Mwendo ukiwa mikononi mwa mashine, kicheko huwa ni wakati ulioibwa. Mwendo ukiwa mikononi mwa wafanyakazi wenyewe, kicheko huwa ni sehemu ya mwendo huo. Aidha, nitadai kwamba sisi wa taaluma za Kiswahili tumekwenda karakana mara nyingi kuchukua maneno, tukayaingiza katika makamusi na katika mifano ya darasani, na kile kicheko kilichoyalea tukakiacha pale pale sakafuni pamoja na maranda.

Kicheko kilichokatazwa

Mwezi Oktoba 1913, katika kiwanda cha Ford cha Highland Park, Michigan, Marekani, palianza utaratibu mpya wa kuunganisha magari. Hapo kabla, fremu ya gari ilisimama mahali pamoja, na mafundi wakaizunguka. Sasa fremu ndiyo iliyokwenda, na mfanyakazi ndiye aliyesimama. Kazi ya kuunganisha fremu moja iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12 ilishuka mpaka ikafikia dakika 93. Hesabu hiyo imesifiwa katika vitabu vingi vya uchumi. Lakini iko hesabu nyingine ya mwaka huo huo: ili kudumisha kikosi cha watu wapatao 14,000, kampuni ililazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000, maana waliingia na kutoka kama maji katika pakacha. Ule ujira maarufu wa dola tano kwa siku, uliotangazwa Januari 1914, hauwezi kueleweka bila ya hesabu hii ya pili.

Watu walikimbia nini? Walikuwa wamekatwa mkono. Ndiyo maana nikaanza na Kazi wa Kizimkazi. Shughuli ya kufunga bolti moja iligawanywa kwa watu watatu, na yeyote kati ya hao watatu, hata akae miaka ishirini, asingeweza kutoka nje ya lango akaunda gari la pili mfano wake. Kizi alihitaji upanga. Mstari wa kuunganisha haukuhitaji.

Pamoja na mkono kilikatwa kinywa. Katika viwanda vya Ford vya miaka ya 1930 kuzungumza kazini, kupiga mluzi na kucheka vilihesabiwa kuwa makosa. Wafanyakazi wakajifunza kusema bila kuitikisa midomo, nyuso zimekauka, wakauita ufundi huo mnong'ono wa Ford. Mwaka 1940 mtu mmoja alifukuzwa kazi baada ya kukamatwa akitabasamu. Tuhuma iliyoandikwa ni kwamba alicheka na wenzake na kuuchelewesha mstari kwa muda wa kama nusu dakika. Natamani wanafunzi wa fasihi simulizi wangekisoma kisa hicho kabla hawajaandika katika tasnifu zao kwamba dhima ya utani ni kuburudisha. Hakuna mwajiri anayemfukuza mtu kwa sababu ya burudani. Alifukuzwa kwa sababu kicheko chake kilikuwa na kipimo, nacho ni sekunde thelathini, na sekunde hizo hazikuwa zake.

Vizazi viwili baadaye mambo yalikuwa yamelegea, lakini mantiki ilibaki ile ile. Ben Hamper, aliyefanya kazi ya kupiga ribiti katika kiwanda cha General Motors mjini Flint, alieleza katika kitabu chake Rivethead cha mwaka 1991 jinsi watu wawili waliopangwa jirani walivyojifunza kila mmoja kazi ya mwenzake, kisha mmoja akazifanya zote mbili kwa nusu ya zamu huku mwingine akisoma, akilala au akitoka kabisa nje ya kiwanda. Wakuu nao walidhani watashinda kwa mzaha wa kwao: walimvalisha mtu vazi la paka mkubwa, wakamtembeza kiwandani awe mhamasishaji wa ubora wa kazi. Paka huyo akawa yeye ndiye kichekesho. Mzaha ulioletwa kutoka ofisini hauchekwi kwa sababu ile uliyoletewa.

Japani, mwandishi wa habari Satoshi Kamata alijiajiri kuwa kibarua wa msimu katika kiwanda cha Toyota mwaka 1972, na kitabu alichokichapisha mwaka 1973 alikipa jina lenye maana ya kiwanda cha magari cha kukata tamaa. Naomba mkiweke hicho moyoni kwa muda, maana malori madogo ya Kijapani tutakutana nayo tena katika barabara ya Kizimkazi.

Saa ya ndizi na njia ya misafara

Mwaka 1959 Donald Roy, mwanasosholojia wa Marekani aliyefanya kazi kwa miezi miwili na kundi dogo la wapiga mashine, alichapisha makala kuhusu jambo alilolidharau mwanzoni. Kila siku, kwa saa ile ile, mfanyakazi mmoja aliiba ndizi katika chakula cha mwenzake, akaila kwa kelele, na mwenye ndizi akalalama kwa maneno yale yale ya jana. Mwenye ndizi hakuwahi kuila ndizi yake, wala hakuacha kuileta. Siku ya kazi ilikuwa ya saa kumi na mbili za kuchosha akili, na "saa ya ndizi" pamoja na saa nyingine za mzaha ziliikata vipande siku ambayo vinginevyo isingekuwa na mwanzo wala mwisho.

Msomaji wa Kiswahili akiifikia ndizi hiyo hucheka kabla ya Roy kumweleza lolote, kwa sababu anamjua mtani. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 iliyokuja kuwa msingi wa mjadala huu, aliuelezea uhusiano wa utani kuwa ni ule unaomruhusu mtu, na mahali pengine unaomlazimu, kumchokoza mwenzake, naye mchokozwa hana ruhusa ya kukasirika. R. E. Moreau alikusanya habari za utani wa makabila ya Tanganyika na kuzichapisha katika miaka ya 1940. Lakini wengi wetu tumezisoma habari hizo kama mambo ya ukoo na misiba, tukasahau kwamba utani mwingi ulikomaa njiani, katika kazi. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, ameonyesha kwamba misafara iliyotoka bara kwenda Bagamoyo na kurudi ilikuwa na utamaduni wake wa kazi, na utani ulikuwa sehemu ya utamaduni huo. Mpagazi aliyefika kwenye nchi ngeni akiwa hoi alihitaji mtu wa kumpa maji na, ikibidi, wa kumzika. Mtani alikuwa na wajibu huo. Matusi yalikuwa risiti yake.

Kutoka katika kazi ya mshahara wa siku tumepata pia neno "kibarua", yaani ile barua ndogo, kijikaratasi alichopewa mtu kuthibitisha kwamba leo amefanya kazi. Karatasi ikawa jina la kazi, kisha ikawa jina la mtu. Halafu mzaha ukaingia: kazi ikikatika husemwa kwamba kibarua kimeota nyasi. Tazameni ukali wa picha hiyo. Kijikaratasi kimetupwa, mvua zimenyesha, na sasa hapo palipokuwa na riziki pana majani ya kulishia mbuzi. Anayeusema msemo huo mara nyingi ni yeye mwenyewe aliyefukuzwa, na huusema mapema ili asije akatangulia mwingine.

Riwaya yetu imemtazama mfanyakazi kwa makini. Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, imewaweka wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948 mahali ambapo hakuna atakayewaondoa. Uhakiki wetu umeuandikia mgomo kurasa nyingi, na ni haki yake. Siku mia tatu za mwaka ambazo si za mgomo, ambazo watu walibeba magunia na kutaniana, hatujaziandikia.

Gari la njia 326

Afrika Mashariki ina viwanda vya kuunganisha magari. Mombasa, Thika na Nairobi vimekuwapo tangu miaka ya 1970, na Kibaha ndipo palipokuwa pakiunganishwa malori ya Scania. Kibaha hiyo hiyo kuna kituo cha teknolojia ya magari cha jeshi kinachoitwa Nyumbu, na aliyekipa kituo cha magari jina la mnyama yule mkimbiaji wa mbugani hakukosa ucheshi.

Unguja ni kinyume chake. Huku gari huja limekwisha kuunganishwa, na ndipo linapoanza kuundwa. Kwa miaka mingi abiria wa Kizimkazi wamelijua gari lao kwa namba 326, kama wa Makunduchi walivyolijua la 310 na wa Nungwi la 116. Gari la shamba la mtindo wa zamani ni lori dogo lililoachiwa kichwa chake cha kiwandani, na nyuma ya kichwa hicho seremala amelijengea mwili wa mbao: sakafu, nguzo, paa la kubebea mizigo, mabenchi marefu ya ubavuni yanayotazamana, na turubali la kuteremshwa mvua inapokuja. Paa ni la chini, hata abiria huingia kwa kuinama mfano wa mtu aingiaye kwa mkwewe. Mkweche au mpya, gari hilo ni la mafundi wa nchi mbili, waliounda nusu kwa nusu bila ya kuonana.

Lugha inazitofautisha nusu hizo. Kiwanda "huunganisha" magari. Kitenzi hicho kinatokana na kuunga, kutia kipande kwenye kipande. Seremala "huunda", na kuunda ni kitenzi cha pwani, cha vyombo vya baharini. Ukiona vyaelea, vimeundwa, wasema wazee wetu, hawakusema vimeunganishwa. Mtu aliyejifunza kupima ubavu wa mashua kwa jicho, aliyezoea tezo, randa, patasi na keekee, anapoliendea lori haendi mikono mitupu, wala maneno hayamwishi. Usukani ulikuwa wa chombo kabla ya kuwa wa gari. Nauli ilitozwa melini kabla ya kutozwa barabarani. Shehena ni ya bahari. Hata sheria inapoyataja magari na pikipiki pamoja huviita "vyombo vya moto", kana kwamba ni madau yaliyotiwa injini.

Sasa tuingie karakana. Seremala na wanagenzi wake hawana mkanda unaopita mbele yao. Lakini wasidhani wanafunzi wangu kwamba hawana mwendo. Mwendo upo, ila unatoka katika mambo mengine: gundi inayokauka, mwenye gari anayekuja kuuliza kila jioni, umeme uliokatika, adhana ya adhuhuri. Wajenzi wa nyumba wana msemo wa kuchekesha unaolibeba jambo hili zima, "zege halilali". Zege likishachanganywa haliwezi kungojea kesho. Amri hiyo haikutoka kwa mnyapara, imetoka kwa zege lenyewe, na ndiyo maana watu huitii huku wakicheka. Baadaye msemo ukatoka katika ujenzi, ukaenda kwa wachumba na wanasiasa, lakini kwao umepoteza saruji yake.

Mwendo wa namna hiyo lazima usemwe na mtu, na hapo ndipo mzaha unapofanya kazi ambayo Highland Park iliachiwa mashine. Mwanagenzi akikata ubao ukawa mfupi, ataambiwa aurudishe msituni akaupande ukue. Akizungusha spana kwa ulegevu ataulizwa kama anaikaza nati au anaibembeleza. Akichelewa kufika atakaribishwa kwa bashasha: tulikuwa tukikungoja wewe tu, tufunge. Kauli hizi si za kuburudisha. Kila moja ni karipio lililovishwa nguo. Kosa limetajwa mbele ya watu wote, kipimo cha kazi njema kimetangazwa, na mkosaji hakuvunjiwa heshima kiasi cha kuondoka. Fundi angeweza kusema wazi kwamba ubao ni mfupi na hasara ni yako. Lakini kesho angemhitaji kijana yule yule kushika upande wa pili wa nguzo.

Jambo la kufurahisha zaidi kwa mwanaisimu ni njia ya kurudi. Katika jamii ya Unguja, fundi ni wa kuamkiwa shikamoo, tena nafasi yake ni ya baba, na kwa baba hakuna utani. Watani wetu ni binamu, ni shemeji, ni babu na bibi. Mwanagenzi basi hawezi kumjibu fundi wake kwa mzaha wa uso kwa uso. Atafanya nini na njaa yake saa nane mchana? Atasema na nyundo. "Nyundo hii leo haina nguvu, nadhani haijala." Hakumwambia mtu neno. Fundi naye, akipenda, hujibu kwa kuiambia randa kwamba nyundo za siku hizi zinakula kuliko zinavyopiga, kisha hutoa pesa ya chakula. Tumeandika sana kuhusu kanga na jinsi mwanamke anavyosema na jirani yake kupitia nguo. Vifaa vya kazi ni kanga za wanaume, na hatujazisoma. Kisha fundi huyo akizeeka, mikono ikaanza kutetemeka, wanagenzi humhamisha kutoka ubaba kwenda ubabu, na hapo ghafla anakuwa mtani. Anaweza kuambiwa kwamba msumari aliopiga umekwenda kutafuta mke. Wengi hulipokea hilo kwa furaha kuliko pensheni, ambayo hata hivyo hawana.

Digadi moja

Katika kila darasa la mofolojia ya Kiswahili pana siku ya madigadi. Mwalimu hueleza kwamba neno la Kiingereza la kikinga tope lilipoingia kwetu lilionekana lina ma- mwanzoni, likahesabiwa kuwa wingi, na umoja wake ukawa digadi. Kisha huja kiplefti na viplefti, wanafunzi hucheka, mwalimu hutabasamu, na somo husonga mbele kwenye upatanisho wa kisarufi. Hucheka! Nilishakaa upande wa mwalimu mara nyingi, na sikujiuliza kwa nini. Tunalichukulia umbo la digadi kama kosa la masikio la mtu asiyejua. Lakini mtu aliyelitumia kwanza huenda alikuwa amesimama mbele ya gari lililoondolewa kikinga tope kimoja, akahitaji neno la kile kimoja kilichobaki, na sarufi ya lugha yake ikampa. Hilo si kosa, ni hesabu sahihi. Na kama alilisema huku akicheka, basi alijua vema zaidi yetu alichokuwa akikifanya.

Maneno mengi ya gari yana alama ya vidole vya namna hiyo. Shokomzoba limepewa mdundo wa kulifanya lidunde lenyewe. Gereji bubu ni jina la karakana isiyo na kibao wala leseni, iliyo chini ya mwembe, ambayo kwa kelele za nyundo na mabati ni mahali pasipo na ububu kabisa; ubububu wake ni kwa afisa wa kodi tu. Joshua Grace, katika kitabu chake cha mwaka 2021 kuhusu historia ya magari Tanzania, amezichukulia gereji hizo kuwa mahali pa elimu na ubunifu, na nadhani amefanya hivyo kwa haki. Daladala limehifadhi bei ya nauli ambayo haipo tena, dala likiwa ni sarafu ya shilingi tano. Chai maharage limewapakia abiria katika kifungua kinywa. Utingo wa huku, Kenya ni taniboi, neno ambalo asili yake si utani, lakini nani atamwambia mwenyewe?

Kisha maneno yakatoka gereji yakaingia katika miili yetu. Mtu aliyepungukiwa akili nati zimemlegea. Anayekwenda kasi anakanyaga mafuta. Mpenzi wa akiba ni spea tairi. Mwanasiasa aliyegeuka ghafla amebadili gia angani, msemo uliotamba Tanzania katika uchaguzi wa mwaka 2015. Makamusi yetu, ya Dar es Salaam na ya Zanzibar, yamejitahidi kuzikusanya nati na gia, na pengine maana ya pili pia. Kisichoonekana katika kidahizo ni nani mwenye ruhusa ya kumwambia nani kwamba nati zake zimelegea, na mbele ya nani. Bila ya habari hiyo mgeni aliyelijifunza neno kamusini atalitumia mara moja tu.

Mzaha unapotunga usaha

Nisingependa mtoke humu mkidhani kwamba karakana ni pepo na kiwanda ni jahanamu. Wahenga wamesema mzaha mzaha hutunga usaha. Mzaha huo huo unaomrekebisha mwanagenzi kwa upole huweza kumficha fundi asiyemlipa mwaka mzima. Kijana akidai chake, huambiwa kwamba ameshalipwa elimu, watu wakacheka, na kicheko kikawa hukumu. Mwenye kilema hupewa jina la kilema chake. Msichana anayetaka kujifunza ufundi wa magari hukuta mizaha yote imekwisha kukata shauri kwamba yeye ndiye mada. Utani wa kweli una ulinzi ndani yake, maana mtani wangu leo nami kesho nitamtania. Ukikosekana mwendo wa kurudi, hiyo ni dhihaka iliyoazima nguo za utani, na mtafiti anatakiwa aweze kuzitofautisha. Alama moja ya kutazama ni mikono. Katika utani mchokozwa huendelea na kazi huku akitafuta jibu. Katika dhihaka mikono husimama.

Pia, kiwandani watu hawakushindwa kabisa. Wale wawili wa Flint waliopokezana nusu zamu walijirudishia kitu ambacho mstari uliwanyima, yaani kumtegemea mwenzako kwa hiari. Walikuwa wameunda utani bila kuwa na jina lake. Na karibu kabisa na Kizimkazi, Makunduchi, kila mwaka katika Mwaka Kogwa wanaume hupigana kwa vikonyo vya migomba na wanawake huimba nyimbo za kuchokozana, kisha watu hula pamoja. Eneo hilo limezoea kwa karne nyingi kuukata wakati vipande kwa mapigo yasiyoua.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wanafunzi watakaochagua mada hii, nalo ni la kiutendaji. Msiende na orodha ya istilahi mkiuliza kila kifaa kinaitwaje. Mkikusanya kauli ya mzaha, andikeni ilisemwa saa ngapi, kazi ilikuwa imefika wapi, kifaa gani kilikuwa mkononi, nani alicheka kwanza, na nani hakuwa na ruhusa ya kujibu. Andikeni pia kimya kilichofuata. Katika hadithi ya Kizimkazi tumepewa maneno ya Kizi na tendo la Kizi. Kazi hakupewa hata sentensi moja, na sijawahi kumsikia msimulizi akimpa. Atakayepanda gari la shamba kuelekea huko na akae benchi la nyuma, karibu na utingo, maana ndiko mizaha inakopita ikitoka nje, na amuulize mzee yeyote seremala: Kazi alipoambiwa aulete mkono, alisema nini?